Amesema Nini?

Televisheni niliyowanunulia wazazi wangu
ni pana kuliko mlango wa chumba chao.
Tuliipandisha ngazi mimi na Zauri wa ghorofa ya tatu,
tukipumzika kila kona,
mama ametangulia akiwaomba radhi majirani
kana kwamba tumebeba jeneza.

Kutaisi, mwezi wa Novemba,
mvua imekaa juu ya mto Rioni
kama mgeni asiyejua kuaga.
Nikawaambia: Sasa hamna haja ya kutoka.
Filamu zote za dunia zitawafuata humu humu,
nanyi mna soksi miguuni, mna supu mezani.

Baba alifurahi.
Gurami, fundi breki wa magari moshi,
miaka thelathini na minane karakanani;
masikio aliyaacha huko huko.
Kwenye rimoti alijifunza kitufe kimoja tu,
kile cha kurudisha nyuma.

Mwanamke ananong'ona dirishani: rudisha.
Mwanamume anacheka kabla ya kufa: rudisha,
afe tena.
Mama akaiweka sufi yake chini, akasema,
Kwa mwendo huu hawa hawatazeeka,
tutazeeka sisi.

Chai imechemka, simamisha.
Dada amepiga simu kutoka Thesaloniki, simamisha.
Mpelelezi akabaki ukutani mdomo wazi
nusu saa nzima,
wao wakijadili bei ya jibini.

Jumamosi moja mama alivaa koti lake la kijani
akatangaza kwamba wanakwenda sinema,
ile ya nyuma ya soko, yenye viti vilivyochunika
na hita moja ambayo kila mtu anajua ilipo.
Mama, nikasema, na ile niliyowaletea?
Akawa anafunga vifungo, hakuniangalia.
Ile inatusubiri mno.

Niliwafuata, nimenuna kidogo,
nikakaa safu ya nyuma yao.
Tulikuwa watu kumi na mmoja
na mbegu za alizeti ndani ya koni za gazeti,
ukumbi mzima unatafuna kama ghala lenye panya.
Taa zikazimwa.
Giza la nyumbani ni la umeme kukatika,
la kupapasa kiberiti na kulaumu serikali.
Hili tumelilipia,
na kila mmoja alilipokea fungu lake kimya.

Dakika ya sita, kwa sauti ya karakana:
AMESEMA NINI?

Mtu akafyonza. Mtu akakohoa kwa makusudi.
Mama akainama, mdomo ukaligusa sikio,
akamwambia.
Na kichwa cha baba hakikurudi mahali pake.
Kilibaki pale, kimeinamia upande wake,
kama ndoo chini ya bomba linalodondoka,
kikingoja sentensi inayofuata.

Amesema nini?
Amesema nini?
Kufikia katikati, bwana wa kofia ya manyoya
safu ya mbele aligeuka mzima mzima:
Amesema hamtaki, mzee! Hamtaki tena!
Ukumbi ukacheka,
na filamu, isiyomngoja mtu,
ikatupita sote kumi na mmoja
na maneno mawili matatu ambayo hatutayajua kamwe.

Mwishoni palikuwa na kituo cha treni.
Baba alizikagua breki kwanza.
Mwanamke akapanda, akashusha kioo,
akasema, nami nilisikia vizuri:
Usiniandikie.

Amesema nini?

Mama hakujibu mara moja.
Niliona kisogo chake, kitambaa, hereni moja.
Kisha akainama.
Amesema ataandika.

Baba akatikisa kichwa polepole,
mtu aliyelipwa haki yake.

Darajani mvua ilikuwa bado haijaaga.
Baba alitembea akiisifu filamu,
hasa mwisho wake, mwisho wa kiungwana,
siku hizi hawatengenezi tena miisho ya namna ile.
Akaniuliza kama ile televisheni yangu
inaweza kuipata, aitazame upya.

Nilifungua mdomo.
Mama akaukaza mkono wake kwenye kiwiko cha baba.
Hiyo, akasema, kule hawana.